Tusimcheke Mangungo

Mwezi uliopita, usiku wa saa nne, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoifahamu. Ujumbe ulimtaja kijana mmoja kwa majina yake matatu, ukamwita tapeli na mdaiwa sugu, kisha ukaniagiza nimwambie alipe deni lake kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata. Kijana huyo nilimfundisha miaka michache iliyopita. Sikuwahi kumdhamini kwa mtu yeyote, wala sikujua kuwa amekopa.

Nilimpigia. Alikuwa amekopa shilingi elfu themanini kupitia programu ya simu, kwa muda wa siku saba, ili amalizie kodi ya chumba. Ujumbe kama ule ulikuwa umekwisha kumfikia mama mkwe wake, imamu wa msikiti anaosali, na ofisa wa taasisi iliyomfanyia usaili wa kazi wiki hiyohiyo. Nikamuuliza, walizipataje namba zetu? Akanijibu kwa sauti ya mtu anayetubu: "Mwalimu, kosa ni langu. Nilikubali mwenyewe."

Nimeandika makala haya ili nimpinge kijana huyo. Hakukubali. Alibonyeza kitufe chini ya waraka mrefu wa Kiingereza cha wanasheria, usiku, akiwa na shida ya fedha, na waraka huo ulikuwa umeandikwa usisomwe. Ridhaa ni tendo la mtu aliyeelewa na aliyekuwa na nafasi ya kukataa. Yeye hakuwa na la kwanza wala la pili. Na nchi inayoruhusu kitendo kile kiitwe ridhaa imeamua kusimama upande wa mwenye kuandika waraka.

Kila aliyesoma historia katika shule zetu amekutana na Mangungo wa Msovero. Novemba 1884, Karl Peters, Mjerumani wa miaka 28, alipita Usagara na karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Katika mojawapo, iliyojiita mkataba wa urafiki wa milele, Mangungo alionekana ametoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake, na mlango wa ukoloni wa Kijerumani ukafunguka. Tangu hapo jina la Mangungo limekuwa tusi. Ukizuka mkataba mbovu wa madini au wa bandari, wazungumzaji vijiweni na majukwaani husema tumefanya ya Mangungo.

Kicheko hicho kina kasoro. Kinamlaumu aliyewekewa karatasi asiyoweza kuisoma, na kinamwacha huru aliyeiandika akijua kwamba haitasomwa. Tena wanaocheka ni watu ambao, kabla ya kunywa chai ya asubuhi, wameshatia alama yao kwenye mikataba mitatu au minne ya aina ileile. Wiki mbili zilizopita niliwauliza wanafunzi wangu darasani: nani amewahi kusoma hadi mwisho masharti ya programu yoyote iliyo ndani ya simu yake? Hakunyoosha mkono hata mmoja. Mimi, mwalimu wao, nami sikuwa na sababu ya kunyoosha wangu.

Tazama sasa jinsi lugha inavyogawanywa kazi. Tangazo la bidhaa huja kwa Kiswahili fasaha, chenye methali, mahadhi na sauti ya msanii tunayempenda. Orodha ya huduma za fedha kwenye simu huja kwa Kiswahili, kwa sababu kampuni inataka bibi wa Kilosa aweze kutuma na kupokea. Ujumbe wa kumtishia mdaiwa huja kwa Kiswahili kisichohitaji kamusi. Mkataba peke yake, yaani waraka unaoeleza kampuni inachukua nini kutoka kwako na utafanya nini ukionewa, ndio unaobaki kwa Kiingereza. Kinachotufikia kwa lugha yetu ni ile sentensi ya mwisho wa tangazo la redio, inayosomwa kwa kasi ya mtu anayefukuzwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Vigezo vipi? Masharti gani? Yazingatiwe na nani, kwa lugha ipi?

Zipo kampuni zilizojitahidi kutafsiri, na zinastahili kupongezwa. Lakini haki ya mwananchi haipaswi kutegemea hisani ya muuzaji.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba hata Waingereza hawasomi masharti hayo, hivyo kuyatafsiri ni kupoteza wino. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walikadiria kwamba Mmarekani wa kawaida angehitaji zaidi ya saa 200 kwa mwaka kusoma sera za faragha za tovuti anazozitembelea. Tarehe 1 Aprili 2010 duka la michezo ya kompyuta la Uingereza, Gamestation, liliingiza kwa mzaha kifungu kinachosema mnunuzi anaikabidhi roho yake kwa kampuni. Maelfu ya wanunuzi waliikabidhi. Hao wote walikuwa wakisoma lugha ya mama zao.

Lakini hoja hii inamgeukia mwenyewe aliyeitoa. Ikiwa waraka hausomeki hata kwa mwenye lugha, basi waraka huo haufai kuwa msingi wa ridhaa popote duniani, na unafaa kidogo zaidi kwa mtu aliyeongezewa kizuizi cha lugha ngeni. Daktari aliyeshindwa kutibu kwa dozi moja hatetewi kwa kusema hata dozi mbili zingeshindwa.

Jibu la pili ni lile la siku zote: Kiswahili hakina msamiati wa teknolojia. Hili ningelisikiliza mwaka 1990. Mwishoni mwa mwaka 2004, kundi la wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden lilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu hapo. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha inayoweza kubeba hukumu ya kifo haishindwi kubeba sentensi isemayo: "Ukikubali, tutasoma majina na namba zote zilizo kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa tutawapigia wenye namba hizo." Sentensi hiyo haikosi neno hata moja. Inachokosa ni kampuni yenye ujasiri wa kuiandika, kwa sababu inajua kwamba mtu akiielewa hataibonyezea.

Jibu la tatu hutolewa kwa upole wa kitaaluma: kijana huyo ana shahada, alisoma kwa Kiingereza, atajiteteaje kwa lugha? Hapa naomba tuende Berlin, kwa sababu swali hili limekwisha kujibiwa huko. Vyama vya kutetea walaji vya Ujerumani viliishitaki WhatsApp, iliyokuwa na tovuti ya Kijerumani kwa wateja wa Ujerumani huku masharti yake yakiwa ya Kiingereza. Aprili 2016 mahakama ya rufani ya Berlin iliamua kwamba masharti hayo hayawezi kumfunga mlaji wa Kijerumani. Mahakama haikudai kwamba Wajerumani hawajui Kiingereza. Ilisema kwamba Kiingereza cha mazungumzo ya kila siku kinafahamika sana, lakini Kiingereza cha mikataba na sheria ni kitu kingine, na mteja halazimiki kukijua.

Msomaji, rudia kusoma aya hiyo polepole. Nchi iliyomzaa Karl Peters, ambayo hati zake za Kijerumani zilitunyang'anya nchi, imeamua kwamba raia wake hawezi kufungwa na masharti ya lugha ngeni. Wao wamejifunza. Sisi tuliotendewa tunaendelea kumcheka Mangungo.

Ujerumani haiko peke yake. Ufaransa, kwa Sheria ya Toubon ya mwaka 1994, inataka maelezo ya bidhaa, ya matumizi na ya dhamana anayopewa mlaji yawe kwa Kifaransa. Kanuni za ulinzi wa data za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2018, zinataka mwenye taarifa aelezwe kwa lugha iliyo wazi na nyepesi. Waliotabiri kwamba kampuni zitakimbia zikidaiwa lugha ya wenyeji waangalie kama zimekimbia Paris.

Je, sisi hatuna sheria? Tunazo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Majirani zetu Wakenya walitangulia kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na ya mtu aliyefahamishwa. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilianza kuwatoza leseni wakopeshaji wa kidijitali, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Hata Google, kuanzia Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kufikia orodha ya majina na picha za mtumiaji. Hatua hizi zote ni njema. Lakini programu hupakuliwa pia nje ya duka hilo, iliyofungiwa leo hurudi kesho kwa jina jipya, na bado neno "kufahamishwa" halijapewa lugha. Mtu amefahamishwa lini, ikiwa taarifa imeandikwa kwa lugha asiyoimudu?

Hata hivyo, sitaki nieleweke kwamba tafsiri pekee itatuokoa. Waraka wa kurasa thelathini kwa Kiswahili ni mtego uleule uliopakwa rangi ya bendera. Kuna jambo zito zaidi. Namba yangu ilikuwa ndani ya simu ya kijana yule kwa sababu nilimpa nilipokuwa mwalimu wake. Hata kama angesoma masharti yote, kwa Kiswahili, akayaelewa na kuyaridhia, hakuwa na mamlaka ya kuniridhia mimi. Wala hakuweza kumridhia mama mkwe wake. Mtu huweka rehani baiskeli yake, haweki rehani heshima ya jirani. Kwa hiyo yapo mambo ambayo sheria inapaswa kuyaondoa kabisa katika meza ya makubaliano. Majina na namba za watu wengine ni la kwanza. Kumwaibisha mdaiwa mbele ya jamaa zake ni la pili. Mikopo ambayo mtaani tumeibatiza "kausha damu" haikaushi damu kwa riba tu, hukausha kwa fedheha, na fedheha hiyo imejengwa juu ya kitufe kimoja.

Ninachokidai basi ni mambo matatu, na si makubwa. Mosi, sharti lolote ambalo halikutolewa kwa Kiswahili lisiweze kumfunga mlaji wa Tanzania, kama ilivyoamuliwa Berlin. Pili, kabla ya kitufe cha kukubali kuwe na ukurasa mmoja, usiozidi ukurasa wa daftari, unaosema kampuni inachukua nini, inampa nani, na mteja alalamike wapi. Tatu, kuchukua orodha ya majina kutoka kwenye simu ya mkopaji kuwe kosa, awe ameridhia au hakuridhia.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa: mengi ya haya yanaweza kuanza kwa kanuni na miongozo, bila kungoja Katiba mpya. Anzeni pia na nyumba yenu. Fungueni mifumo ya ofisi zenu muone ni mingapi inamwuliza mwananchi akubali kitu kwa Kiingereza. Kwa wanaharakati: Wajerumani walishinda kwa sababu chama cha walaji kilikwenda mahakamani na shauri moja dogo lililoandaliwa vizuri. Hatuhitaji maandamano kwa hili, tunahitaji mlalamikaji mmoja, wakili mmoja na uvumilivu. Kwa wanafunzi wangu wa sheria na wa Kiswahili: chukueni masharti ya programu moja mnayoitumia kila siku, myatafsiri kwa Kiswahili ambacho bibi zenu watakielewa, kisha muwasomee. Sikilizeni watakachosema. Hiyo ni tasnifu tosha.

Kijana yule amelipa deni lake, pamoja na nyongeza iliyokaribia nusu ya alichokopa. Imamu amemsamehe, mama mkwe bado hajazungumza naye, na ile taasisi iliyomfanyia usaili haijampigia tena. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari zake bila kumtaja jina. Alinijibu kwamba nimtumie makala kwanza aisome yote, ndipo aamue. Nilimtumia, akaisoma kwa siku mbili, akaniomba nifute mambo mawili. Nimeyafuta.