Bakteria Wazuri Wapimwe Kwanza, Ndipo Waitwe Tiba



Wazazi wenzetu, tunaletewa vidonge na unga wa probayotiki, yaani bakteria wazuri wa tumbo, na tunaambiwa vinaponya usonji kwa watoto wadogo. Sisi tunasema: hilo halijathibitika, na anayeuza kitu hicho kwa jina la tiba anakula jasho la mama aliyekwishachoka.

Hatukatai habari ya tumbo. Watoto wengi wenye usonji husumbuliwa na kufunga choo, kuharisha na maumivu, na baadhi yao hawawezi kusema wapi panauma. Tumbo likitulia, mtoto hulala na kelele hupungua. Lakini kutulia kwa tumbo si kuondoka kwa usonji.

Tukumbuke ya Marekani. Mwaka 1998 ilivuma habari ya watoto watatu waliobadilika baada ya kupewa sekretini, homoni ya utumbo. Wazazi wakaikimbilia. Mwaka 1999 madaktari walichapisha matokeo ya kipimo: watoto 60, nusu wachomwe sekretini, nusu maji ya chumvi, na wazazi wasijue nani kapata nini. Makundi yote mawili yalionekana kupata nafuu, sawasawa! Na hata walipoelezwa, wazazi wengi waliendelea kuitaka. Mapenzi ya mzazi huona anachokitamani.

Uingereza nako, Chuo Kikuu cha Reading kilijaribu bakteria hao kwa watoto wenye usonji. Matokeo yalitoka mwaka 2010, lakini watoto wengi walikuwa wametolewa kabla ya mwisho, na swali likabaki palepale.

Wapo wasemao kumpa mtoto unga mtupu ni kumdanganya. La! Mzazi huelezwa mapema na kuridhia. Udanganyifu ni kuuza bila kupima.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa. Pia ametufundisha kwamba anayetibu hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Wauzaji hawa wameibeba dhamana hiyo? Bakteria hai wanaweza kumdhuru mtoto mwenye kinga dhaifu.

Basi muulizeni muuzaji: imepimwa kwa watoto wangapi, na ililinganishwa na nini? Akibabaika, fedha yenu ibaki mfukoni. Mtindi mpeni mtoto kama chakula. Tumbo likimsumbua, mpelekeni kwa daktari. Na madrasa zetu zimpokee, zimfundishe polepole kwa kadiri yake. Mtoto huyu ni amana, si soko.

Wabillahi tawfiq.