Mahakama ikiagiza mtoto wako akapimwe akili

Kijana wa Ujiji ameshtakiwa, na mahakama inaona huenda akili yake haikuwa timamu alipotenda kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu apelekwe hospitali ya akili. Daktari ana siku 42 za kuandika taarifa. Wengi hupelekwa Isanga, chini ya Hospitali ya Mirembe, Dodoma.

Akina mama hudhani kuna kipimo kimoja kinachotoa jibu, kama cha malaria. Hakipo. Yapo madodoso ya haiba, yaani tabia na hulka ya mtu. Linalojulikana zaidi duniani, MMPI, lilitungwa Minnesota, Marekani, na kutolewa 1943. Toleo la 1989 lina sentensi 567 za kujibu kweli au si kweli. Majibu hulinganishwa na ya Wamarekani. Sentensi mojawapo inagusa pepo wachafu. Huku kwetu mtu mzima kabisa atakuambia alishapandwa na jini, na si mgonjwa. Tena dodoso linamwonyesha alivyo leo, si usiku ule wa tukio.

Usiku ule mnaujua nyie mliokaa naye. Alianza lini kukosa usingizi, kuongea peke yake? Ana kifafa? Anavuta bangi? Sema hata la aibu, hata kama mlianzia kwa mganga. Usimfundishe majibu, dodoso lina njia za kugundua anayetia chumvi. Kadi zake za Maweni zitoe nakala. Nauli ya Dodoma ikishindikana, maelezo yako mpe wakili wake au afisa ustawi wa jamii ayaandike, mapema, kabla siku 42 hazijaisha.