Juu ya Nambari Tisa Wetu

Sisi viongozi wa wanafunzi tuliombwa kuandika juu ya usafi wa madarasa, na tutaandika mara ingine. Leo tunataka kusema juu ya nambari tisa wa timu yetu, kwa sababu makelele yamekuwa mingi, na Jumamosi tuna mchezo tena.

Habari mnaijua. Tangu masomo yafunguliwe, hajafunga hata goli moja. Mara mbili mpira umegonga poto ukarudi, basi wadogo wakampa jina: Poto. Mwanzo ilikuwa kicheko, yeye mwenyewe alicheka. Sasa hata wakubwa wanaimba kando ya uwanja: "Mumutoshe! Mumutoshe!" Juma lililopita alituambia kwamba hana tena moyo wa kuvaa jezi.

Lakini tuseme ukweli wote. Wako wengine, tena si wachache, wanaompenda huyu kijana kuliko wale wanaofunga. Akikimbia kurudi mpaka nyuma kunyang'anya mpira, wasichana wa la nne wanapiga makofi sawa vile goli limeingia. Watu wanauliza: mapenzi gani haya, kwa mshambuliaji bila goli? Sisi tunasema ni mapenzi ya kweli, na tutaeleza juu ya nini.

Tuangalie Leopards, maana hapo kila mtu ni mwalimu wa mpira. CAN ya 2023 ilichezwa Côte d'Ivoire mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka 2024. Congo ilicheza michezo saba, ikafunga magoli sita: Wissa mawili, na Silas, Meschack Elia, Mbemba na Masuaku kila mtu moja. Hesabuni vizuri: Cédric Bakambu hayumo. Mshambuliaji wa katikati, mtu aliyefunga mingi huko Hispania na China, kwenye CAN ile hakupata hata moja. Tena tarehe 21 Januari, mbele ya Moroko, sisi tukiwa nyuma 1-0, alipiga penalti na mpira ukagonga poto. Ndiyo, poto! Mengi yalisemwa siku ile, mengine hayafai kuandikwa katika gazeti la masomo ya kanisa.

Hata hivyo mchezo uliisha 1-1, na Congo ikasonga hadi nusu fainali. Magoli ya wale watano yalipita wapi? Mshambuliaji akisimama kati ya wabeki wawili, akasukumana nao mpaka jasho linakauka, wale wawili hawawezi kwenda kumzuia mwenzake pembeni. Akimkimbilia golikipa kila mara, golikipa anapiga mpira bila kuangalia, na sisi tunaupata. Kazi hii haiandikwi fasi yoyote. Redio inataja jina la aliyefunga. Haimtaji aliyebeba wabeki mgongoni.

Wenye kusema tunatetea tu mtu wetu, waulize Wafaransa. Mwaka 2018 walichukua Kombe la Dunia, na Olivier Giroud, mshambuliaji wao wa katikati, hakufunga hata goli moja. Mwaka 1998 pia walilichukua, na Guivarc'h, aliyekuwa fasi ileile, hakufunga.

Kwa Bakambu kuna sababu ingine, na hii ni ya sisi watu wa Mashariki. Siku zile za CAN aliandika kwenye mitandao juu ya mauaji ya huku kwetu na dunia inayonyamaza. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali, wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji wetu waliweka mkono mmoja kinywani na vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Côte d'Ivoire walitushinda 1-0. Sisi tunaikumbuka ile mikono kuliko goli la Haller. Kalemie imepokea watu wengi waliokimbia vita kutoka Kivu, na wengine wao tunakaa nao kwenye benchi moja darasani.

Wazee wetu wakisikia maneno haya wanatuletea jina la Ndaye Mulamba. Vema, tumzungumze Ndaye. Mwezi wa tatu mwaka 1974, huko Misri, alifunga magoli tisa katika CAN moja, na mpaka leo hakuna aliyeyafikia. Fainali na Zambia ilichezwa mara mbili, 2-2 halafu 2-0, na magoli yote manne ya Zaire yalikuwa yake. Miezi mitatu nyuma ya pale, Zaire ikaenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Michezo mitatu, magoli kumi na manne yakaingia kwetu, na sisi hatukufunga hata moja. Ndaye mwenyewe alifukuzwa uwanjani mbele ya Yugoslavia kwa teke ambalo mwenzake alimpiga mwamuzi. Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile! Wazee wanasimulia mwezi wa tatu tu.

Na walivyomwacha nyuma yake? Mwaka 1994 watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akawa analinda magari ya watu huko Cape Town. Kwenye CAN ya 1998, Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea, kumbe eko hai! Alikufa kweli mwaka 2019. Nchi ilipenda magoli tisa. Mtu mwenyewe ilimsahau. Ndiyo maana wale wanaompigia makofi kijana asiyefunga wanatupendeza. Wao wamemwona mtu.

Tunajua jibu lenu. "Mshambuliaji kazi yake ni kufunga. Kwenye mtihani wa Serikali hawahesabu jasho." Ni kweli, nasi tunaomaliza mwaka huu tunalijua vizuri, usingizi umekwisha kutukimbia. Hatusemi goli si kitu. Timu bila goli haishindi, na mwalimu wa timu ana haki ya kuweka mwingine. Lakini kumbadilisha mchezaji ni kazi ya mwalimu, na kumwimbia matusi mpaka aache mpira si kazi ya mtu yeyote. Katika mchezo uliopita tulikaa na fimbo tukiandika chini kwenye mchanga: kijana alinyang'anya mpira mara kumi na moja, na lile goli moja tulilopata lilitoka hapo. Aliyefunga alibebwa mabegani. Poto alirudi kuokota viatu vyake peke yake.

Wengine watatuambia: oneni, Bakambu alivumilia, akafunga mbele ya Senegal tarehe 27 Desemba 2025, kwenye CAN ya Moroko. Tulifurahi sana, hata sauti zilikauka. Lakini hatutaki kulitumia goli lile kama malipo ya uvumilivu wetu. Asingefunga, je, tungekuwa tumempenda bule?

Jumamosi mchezo unaanza saa tisa. Mwalimu akimweka kijana wetu pembeni, hatutagomba. Akimwingiza, sisi wa darasa la sita tutasimama upande wa ziwa na ngoma yetu, na mwenye kupenda aje. Wenye hamu ya kuimba "Mumutoshe" waende upande wa pili, kwenye jua. Jezi nambari tisa tumeifua, iko kwetu. Aje aichukue mbele ya ibada.