Cheti cha Aliyekimbia

Wako wasemao kwamba mkimbizi asiye na hati ni mtu wa kutiliwa shaka. Kauli hiyo naipinga. Waliovuka Ruvuma tangu 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza, waliokoa watoto, si makaratasi. Nachingwea yaijua habari hiyo, maana ndiko FRELIMO ilikopewa kambi ya kufundishia wapiganaji wake. Leo mjukuu wa wakimbizi wale akidaiwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake, nauliza: cheti hicho kingetolewa na nani? Na serikali ya Wareno, iliyomfukuza?

Nitaambiwa kuwa mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji. Ni wake, lakini si wake peke yake: mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, wa 1979, wamtaka mchunguzi naye aitafute kweli. Karani arudishaye fomu pasipo kumwuliza jirani wala mzee wa kijiji ameitua chini nusu yake ya mzigo.

Tena hati kamili nazo hazitoshi. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao walijaza fomu zote. Yapata 162,000 walikubaliwa uraia wa Tanzania 2010, vyeti vikaja kutolewa 2014. Uraia wa kwao walikwisha kuukana. Kwa miaka minne hiyo, walikuwa raia wa nchi gani?