Padri Aliyetufundisha Kukatizana

Mwaka jana nilialikwa kwenye runinga kama "sauti ya vijana". Nilikuwa nimejiandaa kuongea kuhusu karo, kwa sababu ndiyo iliyonitoa chuo. Kabla hatujaenda hewani, mtayarishaji akaninong'oneza: "Usingoje zamu, buda. Mkatize." Nikamkatiza mzee wa watu mara nne. Karo sikuitaja hata. Klipu ikasambaa, maboi wakanipongeza.

Huu mchezo una wazee wake, na mmoja wao, amini usiamini, alikuwa padri.

John McLaughlin alikuwa Mjesuiti kutoka Rhode Island, Marekani. Mwaka 1970, akiwa bado padri, aligombea useneta kwa tiketi ya Republican, akaangushwa. Rais Nixon akamchukua awe mwandishi wake wa hotuba. Kashfa ya Watergate ilipochacha, na kanda za Nixon zikaonyesha jinsi mkubwa alivyokuwa akitukana ofisini, padri wetu alijitokeza kumtetea: eti matusi yale ni ya kutoa presha tu. Mwaka 1975 akaacha upadri. Mwaka 1982 akaanzisha The McLaughlin Group: wachambuzi mezani, yeye akiwabwatukia kwamba wamekosea, akiwataka wapime utabiri wao kutoka sufuri hadi kumi. Aliendelea na kipindi hicho karibu hadi alipofariki Agosti 2016, akiwa na miaka 89.

Sina shida na mtu kuvua kanzu. Shida yangu ni alichobeba na alichoacha. Alibeba mimbari, ile sauti isiyojibiwa. Akaacha kitubio, pale ambapo mwenye sauti hiyo hupiga magoti na kusema nimekosa. Runinga haina kitubio. Tabiri uongo wiki hii, na wiki ijayo kiti chako kiko palepale, na vipodozi juu.

Na msiniambie eti dini ikae mbali na siasa. Mchungaji Timothy Njoya alizichanganya hapa kwetu. Januari 1990 alihoji utawala wa chama kimoja akiwa mimbarini, wakati wengi walikuwa wakinong'ona tu. Juni 1999 akapigwa marungu nje ya Bunge. Maneno yake yalikuwa na bei, na alilipa mwenyewe.

Wachambuzi wetu wanalipa nini? Kabla ya kumshangilia mmoja wao kwa kelele, muulize: mara ya mwisho ulikosea lini, na ulisema hadharani?

Nianze na mimi. Sikulipa chochote. Nilipewa nauli na maji ya chupa. Majuzi nikairudia ile klipu, safari hii nikimsikiliza mzee. Mara ya tatu nilipomkatiza, alikuwa ameanza kuongea kuhusu karo.

Mzee, nimekosa. Wakituita tena, utamaliza.