Kiyoyozi cha gari kinavyokula faida ya nyanya

MFANYABIASHARA wa nyanya anayetoka Morogoro kwenda Dar es Salaam kwa pikapu huhesabu bei ya tenga, ushuru, vibarua wa kupakia na mafuta. Kiyoyozi hakimo kwenye hesabu hiyo, kwani wengi hudhani ubaridi wake ni wa bure.

Si wa bure. Kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini kwa mkanda, hivyo kila inapofanya kazi injini hubeba mzigo wa ziada unaolipiwa kwa mafuta. Kwa kawaida matumizi hupanda kwa asilimia 5 hadi 10. Kwenye joto kali, hasa safari zikiwa fupi, ongezeko linaweza kuzidi asilimia 20.

Chukua mfano wa pikapu inayokula lita 10 kwa kilometa 100. Kwenda na kurudi, takriban kilometa 400, ni lita 40. Kiyoyozi kikiongeza asilimia 10, zinaongezeka lita 4. Kwa safari tatu kwa wiki, katika wiki nne zinakuwa lita 48. Lita ikiuzwa Sh3,000, hizo ni Sh144,000, na nyanya zilizo nyuma hazijapata ubaridi wowote.

Fedha hizo lazima zitoke mahali. Mnunuzi sokoni haongezi bei kwa sababu gari limekula mafuta mengi. Mfanyabiashara hupunguza faida yake, au humshushia bei mkulima shambani.

Hii haina maana kwamba kiyoyozi kizimwe daima. Dereva aliyechoshwa na joto ni hatari barabarani, na gari likienda kasi, madirisha yaliyo wazi nayo huongeza ukinzani wa upepo. Hasara kubwa iko kwenye foleni za kuingia jijini na wakati wa kusubiri mzigo, pale injini inapowaka huku gari halisogei.

Njia za kupunguza gharama hazihitaji mtaji: kuegesha kivulini, kufungua madirisha joto litoke kabla ya kuwasha kiyoyozi, kutumia feni pekee asubuhi na jioni, na kuzima injini wakati wa kupakia.

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Bei hiyo mfanyabiashara hawezi kuipanga, lakini idadi ya lita anazochoma iko mikononi mwake.