Kitufe Kisichoitika Hodi

JICHO LA JUMAMOSI
Na Bi. Zuhura

Jumanne nilipanga foleni duka la dawa, nyuma ya mama aliyembeba mtoto mwenye homa. Muuzaji, binti mpole, akaingiza dawa kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kimya. Dirisha likaganda, likapauka. Akabonyeza tena. Na tena. Mtoto analia, mama anambembeleza, sote macho kwenye skrini. Mashine ilipozinduka ikatema risiti tatu za chupa moja ya dawa, na binti ndiye aliyetuomba radhi.

Hasira hazijaniisha. Mtu akipiga hodi huitikiwa. Hata mwenyeji akiwa jikoni, mikono imejaa unga, atasema, "Karibu, nakuja." Kitufe nacho kimepigiwa hodi.

Tena kukifanya kitufe kiitike si kazi ngumu. Mwaka jana mpwa wangu alinikalisha tukaunda programu ndogo ya hesabu za kikoba chetu, kwa Python na Tkinter, ambayo imejengwa juu ya Tk ya John Ousterhout. Dirisha, visanduku vya kuandikia, kitufe, basi. Mstari wa mwisho, mainloop, ndio moyo wake: kitanzi kinachozunguka kikisubiri mtu abonyeze au aandike, kikihudumia tukio moja baada ya jingine, na hicho hicho ndicho kinachochora dirisha. Kibebeshe kazi ya kungojea jibu la seva, hakichori wala hakisikii. Mibonyezo inajipanga foleni, kisha inatekelezwa yote. Ndizo zile risiti tatu.

Kazi ndefu hupelekwa pembeni, ifanyike huko. Kitufe huzimwa papo hapo kisibonyezwe mara ya pili, na skrini ikasema, "Inahifadhi, subiri." Mpwa wangu aliyamaliza hayo mchana mmoja, chai haijapoa mara mbili. Aliyeandika programu ya duka lile alipata muda wa kuvipaka vitufe rangi ya dhahabu, lakini hakukaa hata saa moja nyuma ya kaunta yenye wagonjwa. Huo ni uvivu, na anayeulipia ni mtoto mwenye homa.

Alhamisi nilirudi. Binti ameweka daftari kando ya kibodi. Anaandika humo kwanza. Juu ya kipanya amebandika plasta ya kidonda, ameandika kwa kalamu: BONYEZA MARA MOJA TU.